Mlango wa Mwalimu Silveira

Jumatatu, 28 Julai

Wameniita! Chuo cha Jamii cha Santa Branca wameniita kwenye usaili. Mwalimu wa muda, somo moja: Friji na Viyoyozi, Hatua ya Kwanza, kila Jumamosi asubuhi. Hii ni mara ya tatu kuomba. Mara ya kwanza hawakujibu. Mara ya pili walijibu kwamba nafasi ile ilikuwa ya mwalimu wa unesi. Safari hii nimejaza fomu inayohusika.

Miaka ishirini na miwili nimepanda mapaa ya bonde hili kutengeneza viyoyozi vya watu, jua la California likinichoma kisogo. Sasa mapaa wapande wengine. Mimi nitasimama ubaoni na chaki, au chochote wanachotumia siku hizi.

Nimempigia mama. Aliuliza tu kama milangoni bado wanaweka majina ya walimu. Mama alisafisha chuo kile miaka ishirini na sita. Kila siku alipangusa vibao vya majina, mlango baada ya mlango, na hakuwahi kukuta Silveira hata mmoja. Sasa ana miaka sabini na tisa na goti bovu. Anataka kupangusa kibao kimoja chenye jina letu kabla goti halijagoma kabisa. Hajasema hivyo, lakini mama yangu namjua.

Kuna sababu ya pili pia, ndogo. Shemeji yangu Gilberto Bettencourt, binamu wa mke wangu Lucinda. Tulianza ufundi siku moja, kwa fundi mmoja. Leo yeye ni mwalimu wa kudumu pale chuoni, na parokia nzima inamwita Mwalimu Bettencourt. Hata padri. Mimi padri ananiita "yule wa kiyoyozi".

Nimemwambia Lucinda kwamba nina mpango. Amesema hapo ndipo anapoanza kuogopa.

Jumatano, 30 Julai

Mpango ni huu. Kwenye usaili kila mwombaji anapewa dakika kumi afundishe mbele ya kamati. Wengine watakuja na michoro. Mimi nitakuja na tukio. Kiyoyozi cha chumba 114 kimekufa. Kamati inavuja jasho. Silveira anavua koti, anafungua kifuniko, anafundisha huku anatengeneza, mara upepo wa baridi unawapuliza usoni. Nani atamnyima kazi mtu huyo?

Tatizo moja tu: kiyoyozi cha chumba 114 ni kizima.

Nimekwenda na ovaroli na ngazi. Mtu mwenye ngazi haulizwi anakwenda wapi. Mlinzi amenifungulia mlango na akanishukuru. Nimechomoa waya mmoja wa bluu, mdogo sana. Sijaharibu kitu. Kuuchomoa nusu dakika, kuurudisha nusu dakika.

Nimerudi nyumbani naimba. Lucinda ameuliza nimetoka wapi. Nimesema nilikuwa naandaa somo.

Alhamisi, 31 Julai

Wamebadilisha chumba!

Karani wa idara, Bi Trudy, alikuwa ananisubiri kwenye korido. Akasema pole sana, 114 leo hapakaliki, kiyoyozi kimezimika, usaili tumeuhamishia 120. Chumba 120 kina baridi ya kuhifadhia samaki.

Kamati ya watu watatu. Mkuu wa idara, Bi Prentiss. Mwalimu mmoja wa hesabu mwenye sweta. Na wa tatu, jamani, Gilberto. Wanasoma maswali kwenye karatasi kwa zamu, yale yale kwa kila mwombaji, neno kwa neno. Hawaruhusiwi kutabasamu wala kutikisa kichwa, eti haki itendeke kwa wote. Hilo mimi nimelijua baadaye. Pale nilidhani wananichukia. Nikawapa kichekesho cha paka aliyelala ndani ya friji. Kimya. Nikawapa cha pili, cha padri na feni. Bi Prentiss akaandika kitu. Gilberto, mtu aliyekula Krismasi kwangu miaka kumi na mitano, alinitazama kana kwamba nimekuja kusoma mita.

Zikafika dakika kumi za kufundisha. Somo nililokariri linaanza hivi: "Kama mnavyohisi wenyewe, humu ndani joto limezidi." Nikalisema. Mdomo ulikwishaondoka, sikuweza kuurudisha. Mwalimu wa hesabu akafunga vifungo vya sweta.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Najua nilikimbilia kisanduku changu cha barafu, kile cha chakula cha mchana, nikakiweka mezani. Nikawaambia baridi haiingizwi ndani ya friji hata siku moja, joto ndilo linalotolewa. Nikawapitishia mkate wangu wa jibini wapapase, upande uliogusa barafu na upande ambao haukugusa. Waliupapasa wote watatu. Gilberto aliandika sana, na sikupenda.

Wakati natoka jengoni, baada ya kufungasha kisanduku changu, nimemkuta Gilberto korido ya pili. Anatoka 114, anajifuta vidole, kiyoyozi kinanguruma nyuma yake na Bi Trudy anampigia makofi. Hakunisema. Aliniuliza tu kama ngazi yangu bado iko kwenye gari.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata! Mimi! Mwalimu!

Bi Trudy amenieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba tuliomba wawili na mwenzangu amepata kazi Nevada. Kwa mama nimesema tulikuwa wengi.

Nimetia saini mkataba. Kurasa kumi na nne. Nimesoma wa kwanza, una jina langu, na wa mwisho, una mahali pa saini. Katikati ni maneno ya wanasheria.

Nikauliza habari ya kibao cha mlangoni. Trudy akasema walimu wa muda hawana ofisi zao, wako kumi na mmoja kwenye chumba kimoja. Lakini majina yao yote hubandikwa mlangoni siku ya kwanza ya masomo, Jumatatu tarehe 18. Karatasi nzuri, herufi nyeusi. Kama darasa litakuwepo.

Nikauliza hiyo "kama" inafanya nini hapo.

Akanieleza. Darasa lisipofikisha wanafunzi kumi na watano kufikia Ijumaa tarehe 15, saa sita mchana, linafutwa. Langu lina wanne.

Mama ameshatoa gauni la bluu kabatini. Analining'iniza dirishani lipate hewa.

Jumatano, 6 Agosti

Bado wanne. Gilberto anafundisha somo hili hili Jumanne alasiri, kitabu kile kile, friji zile zile mbovu za karakana, na ana kumi na wanane. Bi Trudy anasema watu wanamjua.

Basi nami nitajulikana. Nimeandika matangazo arobaini: Njoo Usome kwa Mwalimu Mashuhuri D. Silveira. Lucinda amefuta "Mashuhuri". Nimeiandika tena. Nimebandika kwenye duka la chakula cha ng'ombe, kwa kinyozi, kwenye mlango wa benki. Wa benki wameshalitoa.

Mtu mmoja amepiga simu. Alitaka kiyoyozi chake kitengenezwe. Nikamwambia mimi sasa nafundisha. Akaniuliza basi nani atakuja. Nimekwenda.

Jumapili, 10 Agosti

Siku njema. Baada ya misa kulikuwa na chakula kwenye ukumbi wa parokia, supu ya nyama juu ya mkate, meza ndefu, watu mia mbili wameketi na hawana pa kukimbilia. Nimepita meza kwa meza na fomu za kujiandikisha.

Nimevuna saba. Ndugu wawili wa Avila, wenye ng'ombe wa maziwa, wanataka kutengeneza tangi lao la kupozea wenyewe. Akina mama wanne wa kikundi cha rozari, wenzake Lucinda, wanataka kujua kwa nini kiyoyozi cha kanisa kinawapuliza wanakwaya peke yao. Na mjomba Anselmo, miaka themanini na mitatu, masikio yamechoka. Ametia saini haraka kuliko wote, kisha akaniuliza ndama atatolewa lini.

Nikamuuliza ndama gani. Akasema, wa bahati nasibu. Kila mwaka ukumbi huu unapitisha karatasi za kushindania ndama, na Anselmo hajawahi kushinda. Nimemwambia tutaona.

Jumla kumi na mmoja. Wamepungua wanne. Mama alikuwa meza ya mbele, anawaambia watu wote kwamba atakwenda kuona mlango. Gilberto alikuwa meza ya nyuma na supu yake, amenipungia kijiko.

Jumatatu, 11 Agosti

KUMI NA SABA!

Nimejishangaza mwenyewe. Saa tatu asubuhi nimeweka jiko la mkaa mbele ya ofisi ya kuandikisha wanafunzi, nikaanza kuchoma linguisa, zile soseji zetu za kitunguu saumu na paprika. Foleni yote ikageuza shingo. Kila aliyekuja kuchukua soseji nimemuuliza anasoma nini. Wanaosoma uhasibu niliwapa na kuwatakia heri. Waliotaja viyoyozi vya Jumanne niliwapa mbili.

Nikawaeleza. Jumanne alasiri ni wakati wa kulala. Mwalimu wa Jumanne anatoa mtihani kila wiki, jambo ambalo ni kweli. Wa Jumamosi hatoi, jambo ambalo bado sijaliamua. Na Jumamosi kuna linguisa.

Sita wamehama hapo hapo, mafuta bado vidoleni. Nimewasindikiza hadi dirishani kwa karani kuhakikisha.

Gilberto amebaki na kumi na wawili. Nilimwonea huruma njia nzima hadi kwenye gari.

Jumatano, 13 Agosti

Gilberto amekuja nyumbani. Nilijua atakuja. Wivu.

Hakukaa. Alisimama jikoni, kofia mkononi, akaniuliza, "Shemeji, mkataba wako umeusoma?"

Nikasema nimeusoma wote.

"Na ukurasa wa tisa?"

"Huo hasa ndio nilioupenda."

Halafu akasema taratibu, kama mtu anayemwongelesha farasi, "Basi warudishe watatu, na wewe utafute mmoja mwingine wa kujazia lako. Watatu tu, Duarte, kabla ya Ijumaa. Wala siyo kwa faida yangu."

Siyo kwa faida yake! Nikamwambia kila mtu avute kamba upande wake, na mshindi ajulikane. Akasema haya, akavaa kofia. Lucinda akampa mkate wa kwenda nao, jambo ambalo sikuona umuhimu wake.

Alipoondoka, Lucinda aliniuliza ukurasa wa tisa unasema nini. Nimesema ni habari za likizo ya uzazi.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa sita kamili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bi Trudy naangalia kompyuta yake. Kumi na saba. Darasa limesimama. Nimembusu Trudy shavuni, hakufurahi. Nimempigia mama, akasema "Mungu ni mwema" mara tatu na akakata simu ili awapigie dada zake.

Saa tisa.

Bi Prentiss ameniita ofisini kwake. Alianza kwa kunisifu, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Amesema katika miaka yake kumi hakuna aliyewahi kujaza darasa la Jumamosi. Kisha akasema darasa la Jumanne la Mwalimu Bettencourt limefutwa leo saa sita, maana limebaki na wanafunzi kumi na wawili. Mwalimu wa kudumu ni lazima awe na madarasa matano. Likifutwa moja, anapewa la mwalimu wa muda wa somo hilo hilo, na hana ruhusa ya kulikataa. Darasa la Jumamosi sasa ni la Mwalimu Bettencourt. Yote yameandikwa kwenye mkataba.

Sikuuliza ukurasa wa ngapi.

Kwa hiyo darasa nimelijaza mimi, lake nimelifuta mimi, na kazini nimejifukuza mimi. Bi Trudy alikuwa anachapa orodha ya majina ya mlangoni. Kumi tu. Amesema pole bila kuinua macho, nadhani kwa ajili ya lile busu.

Nimekaa kwenye gari pale maegesho. Nimelia, niseme ukweli. Niliwasha kiyoyozi mpaka mwisho ili wapita njia wasisikie.

Jumamosi, 16 Agosti

Lucinda ameusoma ukurasa wa tisa kwa sauti, mara mbili, wakati wa kifungua kinywa. Kisha amesema, "Mwambie mama yako leo. Usimwache atoke nyumbani na gauni lile bure."

Nimempigia. Kabla sijafungua mdomo akaniambia ametengeneza nywele. Ameoka mkate mtamu wa sikukuu, mkubwa, kwa ajili ya walimu wenzangu. Ameuliza Jumatatu aje saa ngapi.

Nimesema saa nne.

Lucinda ameondoka jikoni. Lakini mimi nina mpango, na huu hauna kasoro. Nachapa jina langu. Nafika mapema, natafuta mlango usio na jina, nabandika. Mama anaona, anapangusa, anafurahi. Dakika tano. Namrudisha nyumbani, nabandua. Hakuna anayeumia. Sioni mahali ambapo mpango huu unaweza kuharibika.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefika saa tatu. Kila mlango una jina la mtu. Nimezunguka jengo zima mara mbili, nikaupata mmoja mwisho wa korido, jirani na vyoo. Wa kijivu, mtupu, umepakwa rangi juzi juzi. Nikabandika: D. SILVEIRA, MWALIMU. Nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Lilikaa vizuri sana.

Saa nne mama akafika. Gauni la bluu, mkoba, mkate umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Alitembea polepole kwa ajili ya goti, na kwa ajili ya milango. Kila mlango alikuwa na habari zake. Huyu alikuwa akiacha maganda ya karanga sakafuni. Huyu alimnunulia mkewe maua alipojifungua. Huyu hakusalimia miaka tisa. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Tukafika mwisho wa korido. Mama akasoma. Akatoa leso kwenye mkoba, akapangusa lile jina, herufi moja moja, kama alivyopangusa ya wenzetu. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie sasa twende tukanywe kahawa.

"Mwanangu," akasema, "hii ni stoo ya mafagio."

Nikasema wamebadilisha jengo.

"Wamebadilisha rangi. Bawaba ni ile ile." Akavuta mlango, ukalia. Ndani kulikuwa na mafagio, ndoo, na toroli la sabuni. "Miaka ishirini na sita nilikula chakula changu cha mchana humu, nimekalia ndoo. Wewe hukuwahi kuja, ndiyo maana huujui."

Ni kweli, sikuwahi. Shule yangu ya sekondari ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikimwona na toroli lake nilikuwa napita njia nyingine, ili wenzangu wasijue ni mama yangu. Nilimwonea aibu. Leo nina miaka arobaini na minane, na nilikuwa nimesimama mbele ya mlango ule ule na gundi mkononi. Aibu yote ilinirudia, na safari hii ilikuwa yangu.

Nikamweleza kila kitu. Waya wa bluu, linguisa, ukurasa wa tisa. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kwenye kichekesho cha paka alitikisa kichwa.

Tukasikia viatu. Gilberto, na mafaili kwapani. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akautazama mkate. Nikajua nimekwisha. Mama hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Gilberto, mwanangu ana kazi humu ndani au hana?"

Alikuwa na kila sababu ya kusema hana. Waya, wanafunzi sita, Jumanne yake nzima.

"Anayo, mama," akasema. "Jumamosi nina wanafunzi kumi na saba, na mmoja wao ni mzee Anselmo. Peke yangu siwezi. Duarte ni msaidizi wangu wa karakana."

Kisha akanivuta pembeni. Alikwenda kwa Bi Prentiss tangu Ijumaa ile ile, na asubuhi hii amekubaliwa. Nikamuuliza kwa nini ananifanyia hivi. Akasema siku ya usaili yeye ndiye aliyenitetea, kwa ajili ya ule mkate na barafu. Hakuwahi kuona mtu akieleza joto vizuri namna ile. "La waya nikalimeza," akasema. "Lakini lilinikaba, shemeji. Mpaka leo limenikaba."

Niliporudi, mama alikuwa amebandua karatasi yangu. Akaikunja sehemu ya chini kwa nyuma, neno MWALIMU likapotea, ikabaki D. SILVEIRA tupu. Akairudisha mlangoni, akaikandamiza kwa kiganja.

"Hilo ni kweli," akasema. "Liache."

Halafu akageuza ndoo, akaikalia, akafungua kitambaa. Tumekula mkate ndani ya stoo, sisi watatu, magoti yanagusana na harufu ya sabuni kila mahali. Mama alimpa Gilberto kipande kikubwa zaidi. Sikulalamika. Nilikuwa na furaha, na nilijua sistahili.

Nimeapa moyoni: mipango basi.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku ya kwanza ya darasa. Gilberto amefundisha, mimi nimeshika bomba. Mjomba Anselmo ameketi mbele kabisa, ameuliza habari ya ndama mara mbili. Vijana sita wa Jumanne wameuliza habari ya linguisa. Gilberto amewajibu kwamba mtihani wa kwanza ni wiki ijayo.

Wakati wa mapumziko akina mama wa rozari walinizunguka mimi, siyo yeye, kuhusu kiyoyozi cha kanisa. Nikawachorea kwenye ubao. Nilipogeuka nikamwona Gilberto amesimama nyuma, anasikiliza, na alitikisa kichwa kukubali. Hapa anaruhusiwa. Nimetembea na hilo moyoni siku nzima.

Jina bado liko mlangoni. Dada anayesafisha siku hizi amelipenda, anasema sasa watu wanajua wamuulize nani. Tangu Jumatatu nimeombwa ndoo mara nne na dekio mara mbili. Mama anataka kuja tena wiki ijayo kulipangusa.

Bi Trudy amenipa mkataba wa msaidizi, kurasa sita. Nimesoma wa kwanza na wa mwisho, nikasaini.

Jambo jingine. Nikiwa kwenye meza yake nimeona rasimu ya ratiba ya Januari. Viyoyozi, Hatua ya Kwanza, madarasa mawili. Jumanne, Bettencourt. Jumamosi, mwalimu wa muda, jina halijajazwa. Sheria ni ile ile, wanafunzi kumi na watano. Bi Prentiss anasema anayeweza kulijaza aombe.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mzima aliyepata funzo. Kosa la mara ile nimeliona. Soseji zilikuwa chache. Nilimpunguzia Gilberto wanafunzi sita tu. Ilitakiwa wahame wote kumi na wanane.

Lucinda sijamwambia. Lakini nimeongea na ndugu wa Avila, na wako tayari kutoa ndama. Kila atakayejiandikisha Jumamosi anapata karatasi moja ya bahati nasibu. Mjomba Anselmo ameshachukua namba moja.